Kumwachia Samaki Si Kumponya

Muulize mvuvi wa trauti amevua wangapi leo, atakutajia idadi kwa kujidai, kisha atamalizia: "Na wote nimewaachia." Basi, kesi imekwisha. Yeye ni mhifadhi wa mazingira, na yule aliyetia samaki wake kikaangoni ni mlafi. Imani hiyo imeenea kila mahali watu wanapovua kwa nzi wa bandia, ufito mrefu na mshipi mzito, na ni imani ya kujiridhisha tu. Samaki anayeachiwa si lazima apone. Mwishoni mwa majira ya joto, maji ya mto yanapopata moto, huenda ameachiwa akafie mbali na macho ya aliyemvua.

Tuchukue mto Gallatin, katika jimbo la Montana nchini Marekani. Unaanzia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, unaingia kwenye korongo la mawe na misonobari, na kwa mwendo mrefu unafuatana na barabara kuu namba 191 kabla ya kutokea bondeni upande wa mji wa Bozeman. Robert Redford alipotengeneza filamu ya A River Runs Through It, iliyotoka mwaka 1992, picha nyingi za uvuvi alizipiga hapa, ingawa hadithi yenyewe ni ya mto Blackfoot. Sidhani kama kuna mchezo mwingine uliopata tangazo zuri kiasi hicho bila kulipia.

Mwezi Agosti theluji ya milimani imekwisha kuyeyuka siku nyingi. Mto umepungua, maji ni maangavu, mawe yametokeza migongo. Nyasi za ukingoni zimekauka na zimejaa panzi, na upepo wa mchana unawapeperusha na kuwaangusha mtoni. Mvuvi naye hufunga panzi wake wa sponji mwenye miguu ya mpira, akamtupa karibu na majani, amdondoshe kwa kishindo kidogo kama panzi aliyekosea kuruka. Trauti aliyejibanza chini ya ukingo anachomoka na kumdaka. Sikatai, ni raha, na anayesema si raha hajaijaribu. Tatizo ni saa. Panzi huchangamka jua likiwa kali, yaani kuanzia adhuhuri hadi alasiri, na huo ndio wakati joto la maji linapopanda kwa kasi kuelekea kilele chake cha siku.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, lita moja ya maji hubeba takriban miligramu 11 za oksijeni. Yakifika nyuzi 20, zinabaki kama 9. Hiyo ni hesabu ya usawa wa bahari. Huko milimani, hewa ilikopungua, ni chini ya hapo. Wakati huohuo mwili wa samaki, ambao joto lake hufuata la maji, unadai oksijeni zaidi, si kidogo. Ukipita nyuzi 20 trauti anaanza kuhangaika. Ukikaribia 25 anaweza kufa bila kuguswa na mtu. Wenyeji halisi wa mito hiyo, trauti wenye mistari miekundu chini ya taya, hawavumilii joto kama wanavyolivumilia wageni walioletwa, wale wa kahawia na wale wa rangi za upinde wa mvua.

Sasa mtie samaki huyo ndoana mdomoni. Anapigana kwa nguvu zote dakika tatu, nne, misuli inajaa asidi, na pumzi aliyokuwa nayo anaimaliza. Anafikishwa kwenye wavu wa mkono akiwa hoi, matamvua yanafunguka na kufunga upesi upesi. Hapo ndipo simu inapotolewa mfukoni. Mwenzake anasogea apate pembe nzuri, jua liko upande usiofaa, samaki anateleza, anaangukia mawe, anaokotwa kwa mkono mkavu unaomtoa ute unaomkinga na maradhi. Picha ya kwanza mvuvi amefumba macho. Ya pili ni safi. Kisha, kwa upole mwingi na hata maneno ya shukrani, samaki anarudishwa majini.

Mwaka 1992 watafiti wawili wa Kanada, Ferguson na Tufts, walichapisha matokeo ambayo kila mwenye ufito angepaswa kuyajua. Waliwachosha trauti hadi mwisho wa nguvu zao. Waliorudishwa bila kutolewa majini, asilimia 12 walikufa. Waliokaa nje ya maji sekunde 30, asilimia 38. Waliokaa sekunde 60, asilimia 72. Walikuwa samaki wachache, wa maabara, na wavuvi hawakosi kulikumbusha hilo. Sawa. Punguza nambari hizo kwa nusu kama unapenda, kisha uniambie ile picha ya pili ilichukua sekunde ngapi.

"Lakini mbona aliogelea akaenda zake?" Hoja hii nimeisikia mara nyingi kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Samaki aliyechoka hafi mkononi mwako ili akupe ushahidi. Anajikaza, anaingia kwenye kina, anajificha nyuma ya jiwe, na anaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye, usiku au kesho yake. Maiti huzama, hukwama katikati ya mawe, huchukuliwa na mkondo, huliwa na ndege na fisimaji. Mvuvi hakumwona akifa, kwa hiyo kwake hakufa.

Wanaonipinga wana hoja moja nzito, na si haki kuificha. Mwaka 1981, katika sehemu ya mto Yellowstone iliyo ndani ya hifadhi, ambako kila trauti mwenyeji alipaswa kuachiwa, watafiti walikadiria kwamba samaki mmoja alivuliwa mara 9.7 kwa wastani katika msimu mmoja, na kwamba vifo vilikuwa kama asilimia 0.3 tu kwa kila mara anaponaswa. Ni ushahidi wa maana. Unathibitisha kwamba kuachia samaki kunaweza kufanya kazi, tena vizuri sana, maji yakiwa baridi na mvuvi akiwa na adabu. Kinachonikera ni watu kuubeba ushahidi wa maji baridi hadi kwenye alasiri ya Agosti, mto umenywea na jua linapasua mawe, wakidhani unatumika huko pia.

Serikali ya jimbo la Montana yenyewe haiamini hivyo. Kanuni yao ya kawaida ni kwamba joto la juu la mto likifika nyuzi 73 za Farenhaiti, karibu 23 za Selsiasi, kwa siku tatu mfululizo, uvuvi unaweza kusimamishwa kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku. Ni kanuni njema, lakini wengi huisoma kinyume. Kwao, kabla ya saa nane ruhusa ni kamili, na mto usiotangazwa ni mto salama. Wanasahau kwamba siku tatu zile za kusubiri kanuni ianze kazi, samaki hana mtetezi ila mvuvi mwenyewe. Wanasahau pia kwamba kati ya nyuzi 20 na 23 hakuna tangazo lolote, kuna samaki anayetweta tu.

Agosti 2016 mambo yalifika pabaya. Kimelea kinachoshambulia figo kiliua maelfu ya samaki katika mto Yellowstone, wengi wao jamaa wa trauti wasiopendwa na wapiga picha, na maji machache yenye joto yaliwazidishia taabu. Jimbo lilifunga kilomita zaidi ya 290 za mto pamoja na vijito vyake. Halikufunga uvuvi peke yake. Hata kupiga mbizi na kuelea kwa maboya kulikatazwa. Wenye biashara walilia, na nawaelewa. Lakini Montana tangu mwaka 1974 iliacha kumwaga trauti wa kufugwa katika mito yenye trauti wanaozaliana wenyewe, baada ya utafiti kuonyesha kwamba wageni hao waliwaharibia wenyeji wa mto. Anayekufa hana gari la kumletea mbadala.

Kuna jambo jingine linalovuruga maadili haya ya kuachia. Katika Ziwa Yellowstone, tangu mwaka 1994 walipogundulika trauti wakubwa wa maziwani wanaowamaliza wenyeji, hifadhi imeagiza kwamba ukimvua mmoja, umuue. Kumwachia ni kosa. Nako Uswisi, nchi ya milima na trauti tele, sheria inakataza kwenda kuvua kwa nia ya kumrudisha samaki: wanaona ni kumtesa mnyama kwa burudani. Unaweza kubishana na Waswisi, ila huwezi kudai hawajui mito ya milimani.

Fanya hesabu ndogo. Tuseme alasiri ya joto, katika kila samaki kumi wanaoachiwa, wawili hufa. Aliyevua thelathini akawaachia wote ameua sita, na hakula hata mmoja. Aliyevua wawili asubuhi pale sheria inaporuhusu, akawamaliza kwa pigo moja, akawakaanga na kwenda zake, ameua wawili. Nani mlafi? Nyani haoni kundule, na huyu nyani ana kofia ya jua na miwani ya bei kubwa.

Imani hii haijaishia Marekani. Trauti wa Kenya walikuja na wakoloni: Ewart Grogan alileta mayai kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905, na samaki wakatiwa katika mto Gura, unaoporomoka kutoka Aberdare. Maji ya huko hupozwa na mwinuko na kivuli cha msitu, na Agosti yetu ni mwezi wa baridi na ukungu. Lakini hukumu ni zilezile. Mgeni aliyewasumbua samaki kumi kwa siku anasifiwa kwa kuwarudisha. Kijana wa kijijini aliyepata mmoja wa mboga anatazamwa kama jangili. Ningependa wanaotoa vibali waulize pia maji yana joto gani na samaki ameshikwa vipi, badala ya kuuliza tu ameliwa au hakuliwa.

Kwa msomaji anayepanga likizo ya Agosti huko Montana, Wyoming au Colorado: nunua kipimajoto cha mto, ni kitu kidogo cha bei rahisi. Ingia majini alfajiri, usiku ukiwa umekwisha kuyapoza. Tumia ndoana iliyobanwa kijino na mshipi imara, umvute samaki upesi, umfungue akiwa bado ndani ya maji, na simu uiache garini. Na kipimo kikisoma nyuzi 20, hata kama ni saa nne asubuhi, hata kama panzi ndio kwanza wanaanza kuruka, kunja ufito wako uondoke.