Mkojo Unaouma: Tutafute Sababu Kwanza



Kuna jambo ambalo sisi wanaume hatupendi kulisema. Jambo hilo ni maumivu wakati wa kukojoa. Mtu akiumwa jino, kijiji kizima hujua. Lakini mkojo ukimchoma, hunyamaza. Siku zinapita. Halafu humwuliza rafiki yake kwa siri, na rafiki humpa vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine.

Mimi nasema kwamba desturi hii ni mbaya. Inaharibu afya yetu, inakula fedha zetu na inavunja nyumba zetu. Mkojo unaouma si ugonjwa. Ni dalili ya ugonjwa. Moshi ukitoka juu ya paa, hatumwagi maji juu ya moshi. Tunatafuta moto uko wapi.

NJIA YA MKOJO

Kwanza tuone mkojo unapita wapi. Figo zetu mbili huchuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu. Kutoka kwenye kibofu, hupita katika mrija mmoja ulio ndani ya uume. Chini ya kibofu pana tezi dume. Tezi hiyo inauzunguka mrija huo wa mkojo.

Njia hii ni ndefu. Vijidudu vinaweza kuingia. Mayai ya minyoo yanaweza kuikwaruza. Jiwe linaweza kukwama. Tezi inaweza kuibana. Kila kimoja kinaweza kuleta maumivu.

WANAUME WATATU

Tuseme wapo wanaume watatu katika kijiji kimoja. Wote mkojo unawauma.

Wa kwanza ni kijana mwenye mke. Siku 4 zilizopita alilala na mwanamke mwingine. Sasa mkojo unachoma kama moto, na usaha unatoka. Huenda ana kisonono. Kwa mwanamume, dalili za kisonono huonekana mara nyingi kati ya siku 2 na siku 7. Lakini upo ugonjwa mwingine wa zinaa unaoitwa klamidia. Mara nyingi majimaji yake ni mepesi, na dalili zake huchelewa zaidi. Mtu anaweza kuwa na magonjwa haya yote mawili kwa pamoja.

Wa pili ni mkulima wa mpunga. Kila siku anakanyaga maji ya bonde. Mwisho wa kukojoa hutoka matone ya damu. Huenda ana kichocho. Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu. Ndani ya mwili huwa minyoo. Minyoo hiyo hukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, na hutaga mayai yenye mwiba. Daktari Theodor Bilharz aliigundua minyoo hii huko Cairo, Misri, mwaka 1851. Hapa Tanzania, kichocho cha mkojo kipo Unguja na Pemba, kipo pwani, na kipo katika sehemu za Shinyanga na Mwanza.

Wa tatu ni mzee wa miaka 65. Mkojo wake hutoka kidogo kidogo. Usiku huamka mara nyingi. Huenda tezi dume imekua na kuubana mrija. Mkojo hauishi kibofuni, na vijidudu huzaliana katika mkojo uliobaki.

Dawa ya mmoja haimtibu mwenzake. Sindano ya kisonono haiui minyoo ya kichocho. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiponyi kisonono. Na hakuna hata moja kati ya hizo inayopunguza tezi dume.

NYUMBA INAYOVUNJIKA BURE

Sasa mkulima wetu wa mpunga anarudi nyumbani. Hajapimwa. Anamwambia mkewe, "Wewe umeniletea ugonjwa!" Mama wa watu analia. Anafungasha nguo na kurudi kwao. Kumbe mwenye kosa ni konokono.

Kijana naye anameza vidonge kwa siri. Mkewe hajui kitu. Wanawake wengi wenye kisonono au klamidia hawaoni dalili yoyote. Lakini ugonjwa unaendelea ndani. Unaweza kumfanya asizae tena. Akijifungua, mtoto anaweza kuambukizwa macho, na kisonono kinaweza kuyapofusha. Hata mume akipona, mke asiyetibiwa atamwambukiza tena.

Kwa hiyo kutafuta sababu ni haki ya mke pia. Asiye na kosa hashtakiwi, na aliye hatarini anatibiwa.

VIDONGE VYA KUBAHATISHA

Zamani penisilini iliponya kisonono vizuri. Mwaka 1976 waligunduliwa vijidudu vya kisonono vinavyoiharibu penisilini. Baadaye dawa nyingine nazo zilishindwa katika nchi nyingi. Anayemeza vidonge viwili na kuacha anavipa vijidudu mafunzo ya vita. Maumivu yanaweza kupungua, lakini adui hajafa. Mwisho mrija wa mkojo unaweza kuwa mwembamba, au mtu akakosa uzazi. Kichocho kisichotibiwa nacho huharibu kibofu na figo. Kinaweza hata kuleta saratani ya kibofu.

"ZAHANATI YETU HAINA VIPIMO"

Wengine watasema hivyo, na pengine ni kweli. Lakini mganga wa zahanati ana masikio na macho. Atauliza: Maumivu yalianza lini? Kuna usaha? Kuna damu? Una homa? Umelala na nani? Unafanya kazi majini? Majibu ya kweli ni nusu ya kipimo. Pasipo na maabara, mganga hutibu kisonono na klamidia kwa pamoja kwa kufuata dalili. Huko si kubahatisha, maana anajua dawa na kiasi chake. Asipoelewa, atakupeleka kituo cha afya, ambako mkojo hutazamwa kwa hadubini. Kwa kichocho, mkojo mzuri wa kupima ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Wakati huo mayai huwa mengi.

Mwenye ugonjwa wa zinaa apimwe pia kaswende na virusi vya UKIMWI. Aje na mkewe. Wasilale pamoja mpaka wote wawili wamalize tiba.

Wahudumu nao wana wajibu. Mwanamume akiulizwa mambo haya mbele ya foleni, hatasema kweli. Serikali ya kijiji ihakikishe kwamba zahanati ina chumba chenye mlango. Mlango ni kitu kidogo, lakini utaokoa watu wengi.

USINGOJE KESHO

Nenda siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya mambo haya:

1. Mkojo umeziba kabisa.
2. Una homa na kutetemeka, na ubavu unauma.
3. Korodani imevimba na inauma.

Wazee walisema: mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Mganga amekwisha kuona wengi wenye shida kama yako. Hatakucheka. Mwambie kweli, upimwe, umalize dawa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini dawa ya mwenzako inaweza isikuponye?
2. Katika kijiji chetu, ni maji gani yenye konokono?
3. Kwa nini mke naye atibiwe?
4. Je, zahanati yetu ina chumba cha kuzungumzia siri? Kama haina, tufanye nini?