Kabla Fedha za Korosho Hazijawa Gari

Kila baada ya mauzo ya korosho au ufuta, nyumba nyingi za Kibiti, Bungu na Ikwiriri huanza mazungumzo ya gari dogo. Baba amesikia kuwa kuna Toyota Premio au Corolla inauzwa Mbagala, rangi yake safi, bei yake nafuu. Mara nyingi mama huulizwa mwisho, fedha zikiwa zimekwisha kuhesabiwa. Lakini ndani ya fedha hizo imo ada ya watoto, zimo mbegu za msimu ujao na akiba ya siku ya ugonjwa. Kwa hiyo ni vema mama naye ajue namna ya kulichunguza gari lililotumika kabla halijafika uani.

Anza na njia. Je, gari hili litakwenda wapi kila siku? Barabara ya Kilwa ina lami kutoka Dar es Salaam, kupita Mkuranga na Kibiti, hadi Ikwiriri na Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Kwa safari za huko gari dogo linafaa. Lakini njia za mashambani hugeuka tope wakati wa masika, na tumbo la gari la aina hii haliko juu ya ardhi hata shibiri moja. Ndugu zetu wa Mbwera na Kiongoroni, kule delta, husafiri kwa boti. Gari lao litaishia kulala Nyamisati. Na kama kazi yake hasa ni kubeba magunia, basi mnatafuta gari la aina nyingine.

Pili, tafuta dalili za maji. Mwezi Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yaliingia katika makazi na mashamba ya Rufiji na Kibiti, na masika hiyo hiyo mitaa ya Dar es Salaam nayo ilijaa maji. Gari lililozama huoshwa likang'aa, lakini nyaya zake huendelea kuliwa na kutu polepole. Inua kapeti, uguse na kunusa chini yake. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho, uone kama una alama ya tope. Fungua buti, utazame panapokaa tairi la akiba. Angalia kutu kwenye skrubu za viti, na ukungu ndani ya taa. Pua ya mama inayotambua unga ulioingiwa na unyevu haitashindwa na kapeti.

Tatu, likute gari likiwa baridi. Weka mkono juu ya boneti: ikiwa ni ya moto, huenda muuzaji amekwisha kuliwasha ili lisione aibu mbele yako. Fundi achomoe kijiti cha oili. Oili iliyofanana na chai ya maziwa imechanganyika na maji. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni dalili kwamba maji yanaingia ndani yake. Kama gari ni la automatiki, giaboksi isichelewe wala kushtuka inapotiwa mbele au nyuma. Kisha lipitishwe polepole kwenye mashimo, mkisikiliza bushi na shokapu.

Usidanganyike na kilomita chache wala na herufi ya namba ya gari. Kilomita hurudishwa nyuma. Pedali na usukani uliolika ndivyo vitakavyokuambia ukweli. Nayo namba inaonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini liliundwa Japani. Gari la namba E laweza kuwa limeundwa miaka mingi kabla ya gari la namba D.

Halafu tazama kadi. Je, jina ni la huyo anayeuza? Je, namba ya chesisi iliyoandikwa ni ile iliyogongwa kwenye gari? Hakikisheni TRA, na mwangalie kama gari linadaiwa faini za barabarani. Fundi awe mliyemchagua ninyi na kumlipa ninyi, kwa maana fundi wa muuzaji hula mkono wa muuzaji.

Mwisho, msitoe fedha zote. Bakizeni za oili, betri, matairi, bima na za kubadili jina. Piga pia hesabu ya mafuta: Kibiti hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 140. Gari la injini ya 1500 likienda kilomita 12 hadi 14 kwa lita, kwenda na kurudi ni lita 20 hadi 23. Zidisha kwa bei ya leo, kisha kwa safari za mwezi mzima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, mama mwenzangu, andika hesabu hiyo, umwekee mwenzio mezani baada ya chakula, kwa maneno ya upole. Kama muuzaji anasema lazima mlipe leo hii, mwacheni alale na gari lake. Magari yaliyotumika hayaishi. Ada ya mtoto ikiliwa na gari bovu, muhula haumsubiri.