Mtalii, Mzururaji na Utingo

Kila Januari yanarudi yaleyale. Mtu anaangalia tena filamu ya Nomadland, au anamaliza kitabu chake, halafu anaandika makala ndefu kuhusu uhuru wa barabara na kuhitimisha kwa kutusikitikia: eti sisi Waswahili hatuna utamaduni wa kusafiri, hatuna maandishi ya safari, hatujui utamu wa kulala jangwani chini ya nyota. Mwaka huu nimesoma tatu za namna hiyo. Moja imeandikwa na mtu ninayemheshimu, ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Tuanze na jangwa lenyewe. Quartzsite ni mji mdogo huko Arizona, wenye wakazi wa kudumu elfu mbili na ushei. Baridi ikishika kaskazini mwa Marekani na Kanada, magari yenye kitanda na jiko ndani yanamiminika huko kwa maelfu. Wenyewe wanaitwa ndege wa theluji, na wengi ni wazee waliostaafu. Sehemu kubwa ya jangwa hilo ni ardhi ya serikali, na kwa miaka mingi ada ya kukaa msimu mzima, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili, ilikuwa dola 180. Unalipa, unabandika stika kwenye kioo, unatoa viti nje. Askari akipita anaangalia stika.

Wanaenda kufanya nini? Wanaotusimulia upweke wamesoma haraka. Wanaenda kuonana! Mwaka 2010 Bob Wells alianzisha mkutano wa watu wanaoishi kwenye magari, nje kidogo ya Quartzsite: wanafundishana kufunga sola, wanakatana nywele, wanapika supu sufuria moja. Jessica Bruder aliwafuata kwa miaka mitatu, na kitabu chake kilichotoka 2017 kimejaa maongezi. Linda May, bibi aliye katikati ya kitabu, anaishi kwa marafiki aliowapata njiani. Anawasubiri, anawakumbuka, anawaendea. Ni filamu ya Chloé Zhao, ile iliyobeba Oscar 2021, iliyotuachia picha ya mwanamke mmoja na upeo wa macho. Picha ni nzuri, sibishi. Lakini kitabu kina jasho zaidi: zamu za usiku kwenye maghala ya Amazon, mavuno ya viazisukari, na mji wa Empire, Nevada, ambako kiwanda cha jasi kilifungwa mwaka 2011 na mpaka namba ya posta ya mji ikafutwa. Wengi wa hawa walishindwa kodi ya nyumba. Wameamua kuuita umaskini wao uhuru, na hiyo ni haki yao. Sisi tunaouita hivyo kwa niaba yao, tena kutoka mbali, tuna haki gani?

Sasa njoo Mkolani. Ukitoka stendi ya Nyegezi kuelekea Buhongwa usiku, pembeni ya barabara ya Shinyanga utakuta malori yamepumzika. Dereva amelala kwenye kebini, kile kitanda chembamba nyuma ya kiti. Utingo yuko chini ya tela, juu ya turubai, kandambili kaziweka chini ya kichwa zisije zikaondoka bila yeye. Ugali umesongwa pembeni ya tairi. Wanajuana hawa: huyu walikutana Isaka, yule walikwama naye Singida siku mbili gari likiwa na ubovu wa gia. Wana habari za nani kaoa, nani kafiwa, mzani upi una foleni. Hapo kuna kitanda, jiko, magurudumu na marafiki wa njiani. Kilichopungua ni jangwa, na mtu wa kuandika makala.

Najua jibu litakalokuja: utingo yuko kazini, hasafiri kwa hiari. Sawa. Na Linda May aliyekuwa akipanga vitu ghalani akiwa na miaka zaidi ya sitini, yeye alikuwa likizo?

Kinachonikera zaidi kuliko makala zenyewe ni jinsi zinavyopita juu ya swali la nani anaruhusiwa kulala nje. Mzungu akiegesha Land Cruiser yenye hema juu ya paa kando ya ziwa, watoto wanamkimbilia na mwenyekiti wa mtaa anamwonyesha penye maji. Kijana wa hapa akitandika turubai lake palepale, kufika asubuhi atakuwa ameshaulizwa na watu watano anamsubiri nani, na wa sita anaweza kuwa na pingu. Kanuni yetu ya Adhabu, iliyoanza kutumika Tanganyika mwaka 1945, kwenye kifungu cha 176 na 177 inawataja wazembe na wazururaji, akiwemo mtu anayeshukiwa ambaye hana njia ya kujikimu inayoonekana na hawezi kujieleza vizuri. Ukoo wa maneno hayo unarudi mpaka Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya 1824. Ile ya Waingereza haikumung'unya: ilitaja kabisa kulala ndani ya hema, ndani ya mkokoteni, ndani ya gari la kukokotwa. Yaani karibu Quartzsite yote ingelala mahabusu.

Wala si habari za kale tu. Baba zetu wanaikumbuka Nguvu Kazi ya 1983, watu walivyokusanywa mijini kwa kukosa kitambulisho cha kazi na kupelekwa vijijini. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo iko Arusha, hapahapa kwetu, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika. Nimetafuta kwenye kurasa zetu za fasihi kama kuna aliyeandika hata aya moja juu yake. Sikupata. Ila juu ya machweo ya Arizona, tumejaa.

Na sisi ni watu wa maneno, jamani. Kutalii zamani ilikuwa kusoma kwa makini, kuchunguza. Mtalii ni ndugu wa damu wa mutalaa. Neno la msomaji tumempa mwenye viza na kamera. Mwenye miguu tu tumempa kuzurura. Vitendo havitofautiani: mtu katoka kwao, anapita, anaangalia, analala atakapofika. Tofauti iko mfukoni, na lugha yetu imekubali kuilinda.

Eti hatuna maandishi ya safari. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alikwenda Urusi hadi Siberia, akapita nchi kavu za Asia ya Kati, na akasimulia kwa Kiswahili. Carl Velten alichapisha masimulizi yake mwaka 1901 ndani ya Safari za Wasuaheli. Alikwenda kama mtumishi wa Mjerumani aliyeitwa Bumiller. Kwa lugha ya barabara ya Shinyanga, alikuwa utingo. Mwanzo wa nathari yetu ya safari umekaa pale, na mwandishi wake asingeruhusiwa kujiita mtalii.

Halafu kuna safari tunazozifanya kila mwezi bila kuzihesabu: kivuko cha kwenda Ukerewe kumwona rafiki aliyehamishiwa shule ya huko, basi la usiku kwenda msibani, kulala kwenye mkeka sebuleni kwa mtu mliyesoma naye. Tunasema "nilikwenda kutembea tu". Hilo "tu" ndilo linalotuibia vitabu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wapenda Nomadland ni dogo. Mmoja wenu akitafsiri, nasi tusome kwa lugha yetu. Aanze na jina la kitabu. Wahamahamaji litakuwa rahisi mno, litanukia ng'ombe na warsha. Watalii hatathubutu. Mimi ningempelekea mhariri likiwa limeandikwa Nchi ya Wazururaji, nione atalikata kwa sababu gani.