Usifute ritifaa ya Ng'ang'a, rekebisha programu

Juma lililopita alinijia ofisini mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili akiwa na karatasi tatu mkononi. Ya kwanza ilikuwa nakala ya kitambulisho chake cha taifa. Ya pili ilikuwa hati aliyopewa na ofisi moja ambayo sitaitaja. Ya tatu ilikuwa barua ya kumtaka aende kwa wakili akaape kwamba majina yaliyomo katika karatasi hizo mbili ni ya mtu mmoja. Tofauti yenyewe ilikuwa nini? Katika kitambulisho, jina la babake lilikuwa na ritifaa mbili, kama liandikwavyo jina la Ng'ang'a. Katika hati ile nyingine ritifaa zote mbili zilikuwa zimetoweka.

Nilimuuliza kama alidai maelezo. Alisema alidai, na karani akamjibu kwa upole kwamba mtambo unaikataa alama hiyo.

Jibu hilo limenikera tangu siku hiyo, si kwa sababu karani alikuwa na nia mbaya, bali kwa sababu si kweli. Mtambo haukatai ritifaa. Kinachoikataa ni programu iliyoandikwa na mtu aliyekwama mahali wanapokwama wanagenzi wote wa fani hii, kisha badala ya kujikwamua akaamua kulikata jina ili litoshee programu yake. Nayajua haya kwa sababu nami nilikwama papo hapo. Nilipoanza kujifunza kuunda hifadhidata ili nitunze msamiati wa utafiti wangu, niliingiza abiri, chaza, dafu na mengineyo bila taabu yoyote. Neno la kwanza kunigomea lilikuwa ng'ombe.

Walimu wenzangu wa Kiswahili hawahitaji kukumbushwa kwamba ng' ni konsonanti moja, king'ong'o kinachotamkiwa kwenye kaakaa laini (na istilahi yenyewe, tazama, ina ritifaa mbili). Ukiiondoa ritifaa hukupunguza pambo. Umeandika sauti nyingine. Kung'oa ni kuondoa kitu pamoja na mizizi yake, ilhali ngoa ni tamaa au wivu. Majirani zetu Waganda wana herufi ŋ katika tahajia yao kwa ajili ya sauti hiyo. Sisi tulibaki na alama ambayo, kwa bahati mbaya, waliobuni lugha za kompyuta waliitwaa kwa kazi tofauti kabisa.

Kazi hiyo ni ipi? Hifadhidata nyingi zinazotegemewa na tovuti huamrishwa kwa lugha iitwayo SQL, ambayo chimbuko lake ni makala ya mwaka 1974 ya Donald Chamberlin na Raymond Boyce, watafiti wa kampuni ya IBM. Walikusudia maagizo yake yafanane na sentensi za kawaida ili hata asiye mtaalamu aweze kuyatumia. Tukiyaweka kwa Kiswahili, agizo la kumsajili mwanafunzi lingekuwa hivi: Weka 'Wanjiru' katika jedwali la wanafunzi. Alama mbili zinazolizunguka jina hilo zinaiambia kompyuta kwamba kilichomo ndani si sehemu ya amri, bali ni maneno ya kuhifadhiwa jinsi yalivyo.

Sasa tumsajili mwingine: Weka 'Ng'ang'a' katika jedwali la wanafunzi. Kompyuta inafungua alama, inasoma Ng, inakutana na ritifaa, na kwa mujibu wa sarufi yake jina limekwisha hapo. Kisha inaona ang, ambayo si kitenzi inachokijua wala jina la jedwali. Inasimama na kulalamika. Mtu wa isimu hawezi kustaajabu, maana tofauti hii tunaifundisha mwaka wa kwanza: kutumia neno ni jambo moja na kulitaja ni jingine. Nikisema Nairobi ni jiji, nimelitumia neno. Nikisema 'Nairobi' lina herufi saba, nimelitaja. Programu ya mwanagenzi imeshindwa kuuchora mpaka baina ya neno linalotajwa na sentensi inayolitaja.

Hapa ndipo tunapoona mazoea ya wanafunzi wetu. Mwanafunzi akikwama husema, "Haifanyi kazi," basi. Ukimuuliza kompyuta ilisema nini, hakumbuki. Aliona maandishi mengi ya Kiingereza akayafunga. Ilhali ujumbe ule ulikuwa wazi mno. Hifadhidata ya MySQL, mathalani, husema kuna kosa la sintaksia na kwamba lichunguzwe karibu na maneno fulani, kisha ikayanukuu maneno hayo kuanzia ang'a. Siri ambayo vitabu havielezi ipasavyo ni kwamba kinachonukuliwa ni pale kompyuta ilipopoteza maana, kwa hiyo kosa lenyewe aghalabu limekaa hatua moja nyuma yake. Anayelijua hilo huitazama ritifaa iliyotangulia ang'a akalimaliza suala kwa dakika mbili. Asiyelijua hubadilisha hiki na kile usiku kucha.

Huwaagiza wanafunzi wangu jambo jingine sahili: kabla ya kulituma agizo, lichapisheni kwenye skrini mlisome. Anayeandika programu huliona agizo likiwa vipande vipande, huku maneno yake, kule jina lililoingizwa katika fomu; halioni likiwa zima kama hifadhidata ilionavyo. Likichapishwa zima, kosa hujianika. Halafu alichukue agizo hilo alipeleke moja kwa moja kwenye hifadhidata bila kupitia tovuti. Likikataliwa huko, kasoro imo katika agizo. Likikubaliwa, kasoro imo njiani, baina ya kivinjari na seva au baina ya seva na hifadhidata, na hapo hana haja tena ya kupekua kila mahali. Wapo pia wanaofungua faili ya PHP kwa kuibofya tu kutoka kwenye folda, wakashangaa kuona msimbo wenyewe badala ya ukurasa. Hao hawana kosa la lugha. Wamesahau kwamba msimbo huo hutekelezwa na seva, si na kivinjari.

Ugonjwa ukishajulikana, tiba nazo si sawa. Tiba ya kwanza, na ndiyo iliyomtesa mwanafunzi wangu, ni kuifuta ritifaa. Tiba ya pili ni kuirudufu, kwani sarufi ya SQL inakubali kwamba ritifaa mbili zinazofuatana ndani ya maneno yaliyotajwa zihesabiwe kuwa moja. Hii ni sahihi, lakini inamtaka mwandishi akumbuke kuifanya kila mahali na kila siku, na binadamu ni msahaulifu. Tiba ya tatu hufanana na zoezi la kujaza mapengo ambalo kila mtoto wa shule analijua. Unaiandikia hifadhidata sentensi yenye pengo: Weka ? katika jedwali la wanafunzi. Inaichanganua sarufi yake kwanza, mpaka imejua kitenzi ni kipi na jedwali ni lipi. Ndipo jina linapoletwa, kando, na kutiwa katika pengo. Wakati huo sentensi imekwisha kufungwa, na hakuna ritifaa iwezayo kuibadilisha. Ng'ang'a anaingia kama alivyo, na Nyang'au, na Kang'ethe, na hata Waairishi akina O'Brien ambao wametaabishwa na kasoro hii hii.

Kwa nini basi wanagenzi hawaanzi na tiba hiyo? Sehemu kubwa ya lawama naitupia vitabu na masomo yaliyopitwa na wakati. Vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya PHP ya zamani vilifundisha kulishona agizo kwa kuunganisha vipande vya maneno, na vikatumia amri za mysql ambazo ziliondolewa kabisa katika toleo la 7 mwishoni mwa mwaka 2015. Mwanafunzi anayenakili humo leo huambiwa na kompyuta kwamba amri hiyo haijulikani, naye hudhani amekosea tahajia. Hajakosea; amepewa kitabu kilichokufa. Amri zilizochukua nafasi yake, za MySQLi na PDO, zina nafasi ya kujaza mapengo tangu mwanzo.

Iwapo yupo anayedhani tunabishana juu ya nukta na mikato, na atafakari hili. Programu inayochanganyikiwa kwa jina la Ng'ang'a bila mtu kukusudia huweza pia kuchanganywa kwa makusudi. Kama ritifaa moja inaweza kulifunga jina kabla ya wakati wake, basi mjanja anaweza kuifunga yeye mwenyewe kisha akaandika, katika kisanduku kile kile cha jina, agizo lake: nionyeshe nywila zote, au lifute jedwali zima. Njia hiyo ya uvamizi imejulikana hadharani tangu mwaka 1998. Hata hivyo, mwaka 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk huko Uingereza ilivamiwa kwa mbinu hiyo hiyo na habari za wateja 156,959 zikafikiwa. Mwaka uliofuata mdhibiti wa habari wa nchi hiyo aliitoza faini ya pauni 400,000. Kwa hiyo fomu inayolishindwa jina lenye ritifaa yafaa itutie hofu, maana huenda mlango wake uko wazi. Kuwakataza watu wasiandike ritifaa katika fomu hakuufungi mlango huo kila mara.

Kuna tatizo la pili, na hili huwapata hata walioandika programu safi. Ritifaa iliyonyooka ya baobonye na ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe ni alama mbili tofauti machoni pa kompyuta. Karani mmoja akisajili kwa hii na mwingine akatafuta kwa ile, ataambiwa mtu huyo hayupo. Isitoshe, ile iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika mfumo wa UTF-8. Ukurasa ukisomwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, mahali pake hutokea takataka kama hii: â€™. Wakikuyu na Wakamba wanaoandika ĩ na ũ huona herufi hizo zikigeuka alama za kuuliza. Dawa ni kuhakikisha kwamba ukurasa, mawasiliano na majedwali yote yanatumia UTF-8, na kuamua aina moja ya ritifaa ambayo nyingine zitageuzwa kuwa hiyo kabla ya kuhifadhiwa. Kwa MySQL, mfumo ulioitwa utf8 kwa miaka mingi haukuwa kamili. Unaotakiwa ni utf8mb4.

Haya yote yanafundishika. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule zetu za msingi na za upili, na nilifurahi. Lakini nikitazama mifano inayotolewa kwa wanagenzi, naona majina ya John na Smith, majina yasiyokwaruza programu yoyote. Mwalimu wa shule ya Murang'a aliye na darasa lenye majina ya watoto wake mwenyewe ana majaribio bora kuliko hayo. Ayaingize majina ya darasa zima, na jina la kaunti yake pia, aone programu itasimama wapi.

Nao wenye ofisi wakumbuke kwamba Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inairudia haki hiyo. Sioni ni kwa msingi gani anayestahili kusahihishiwa jina ndiye anayegharimika kwa wakili kuapa kwamba yeye ni yeye.

Mwanafunzi wangu aliapa, kwa sababu muda ulikuwa umemwishia. Tulishauriana aandike pia barua ya kuomba jina lake lirekebishwe. Aliipeleka kwa mkono siku ya Ijumaa, maana fomu ya malalamiko ya ofisi hiyo mtandaoni ililikataa jina lake.