Holda ya kamera kwenye pikipiki: wekeni ndala

Najua nimepotea kidogo, UE hizo. Leo nina la moyoni.

Tangu tuanze kurekodi safari zetu za Bagamoyo kila wikiendi isiyo na test, kila mtu hapa Mlimani kawa mhandisi. Holda za dukani ni ghali, hela ya bumu mnaijua ilivyo, kwa hiyo tunajitengenezea. Naunga mkono mia kwa mia. Ninachopinga ni hii imani kwamba holda nzuri ni ya chuma kitupu, iliyobana mpaka basi.

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa hivyo. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea pale Mwenge kipande cha flatibaa, akakikunja, tukakifunga kwenye usukani kwa yubolti mbili. Ngumu kama mlingoti! Nikaweka simu ya roommate wangu (yangu ina ufa kwenye kioo). Kufika Bagamoyo nafungua video, nguzo za umeme zote zinacheza kama uji. Kumbe kamera hizi husoma picha mstari kwa mstari, toka juu hadi chini. Injini ikitetemesha katikati ya kusoma, kila mstari unaangukia pake. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba simu ya watu imekataa kufokasi mpaka leo. Nimelipa nusu, nusu bado nadaiwa, na chumbani siku hizi tunasalimiana kwa heshima sana.

Ningesoma kwanza jamani. Septemba 2021 Apple wenyewe walitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki, ukipita kwenye fremu na usukani, unaweza kuharibu uwezo wa kamera ya simu. Lenzi za simu nyingi zinaelea kwa sumaku ili kufuta mtikisiko wa mkono. Mkono, sio pistoni.

Sasa hivi flatibaa ni ile ile, ila kati ya chuma na usukani nimekata vipande vya ndala kuukuu, juu nikazungushia mpira wa tyubu, ule wa kufungia mizigo ya baiskeli. Kamera ni ndogo ya zamani, haina lenzi ya kuelea. Na muwe makini na bolti: tundu la chini ya kamera ni la robo inchi, tredi 20 kwa inchi. Bolti ya milimita 6, ile ya spana namba 10, inaingia vizuri tu, inakudanganya, ukikaza inakula tredi za kamera.

Nyie mnaotoboa helmeti ndio siwaelewi kabisa. Ganda la helmeti linatakiwa liteleze kwenye lami na lisambaze kishindo. Wewe umelitoboa, ukaweka na bolti inayoelekea kichwani kwako. Kwa video ya dakika 3?

Halafu fungeni kamba ya akiba kwenye fremu. Jumapili iliyopita, karibu na Tegeta, bolti yangu ililegea, kamera ikachomoka, ikabaki inaning'inia kwenye kamba. Nikasimama pembeni miguu inatetemeka. Bodaboda iliyokuwa nyuma yangu ikanipita, imempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Sikuwaambia wenzangu, nawaambia nyie.

Haya, roommate anarudi, na laptop yenyewe ni yake. Tuonane baada ya test.