Mimbari, Ikulu na Bahasha ya Jumapili

Kila viongozi wa dini nchini Kenya wanapoikosoa serikali, jibu huwa lile lile: askofu abaki madhabahuni, shehe abaki msikitini, siasa waachiwe wanasiasa. Wanaosema hivyo wamesahau 1988. Mwaka huo mchujo wa wagombea wa KANU, chama tawala, uliendeshwa bila kura ya siri. Mpigakura alipanga mlolongo nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, mchana kweupe, akitazamwa na chifu wake, jirani yake na mwajiri wake. Kuna mahali ambapo mlolongo mfupi ndio uliotangazwa mshindi, na aliyepewa zaidi ya asilimia 70 aliingia Bungeni bila kupigiwa kura tena.

Nani angesema? Chama kilikuwa kimoja, na mbunge mkaidi alifukuzwa chamani. Walisema makasisi akina Henry Okullu, David Gitari, Timothy Njoya na Alexander Muge, pamoja na Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, ambalo jarida lake la Beyond lilipigwa marufuku kwa kuanika uchafu huo. Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya Askofu Muge kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Muge alikwenda. Tarehe 14, akirudi Eldoret, gari lake liligongana na lori, akafa. Baadaye kura ya siri ilirudi. Haikuletwa na makasisi peke yao, maana kuna mawakili na wanasiasa waliowekwa kizuizini wakipigania mageuzi. Lakini kama maaskofu wangetii agizo la kubaki madhabahuni, wananchi wangekosa sauti yao kubwa kuliko zote wakati ule.

Wengine huja na Katiba mkononi: ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa. Naam, na ni kinga njema. Ila ibara hiyo inaifunga dola, haimfungi raia mdomo. Katiba hiyo hiyo inaanza kwa kumtambua Mwenyezi Mungu, na katika ibara ya 170 inazipa mahakama za Kadhi kesi za ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wanaokubali kufika mbele yake.

Kisha ikaja Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ikafukuliwa msituni, na watu wakadai serikali iamue nani ahubiri nini. Uchungu wao naushiriki. Lakini kumnyima mtoto chakula hadi afe ni jinai tangu zamani, na mhubiri wao anayeshtakiwa alikuwa amewahi kukamatwa kabla ya hapo. Sheria ilikuwepo, hakuna aliyefuatilia.

Dai linaloniudhi kuliko yote ni kwamba pesa za mwanasiasa kanisani hazina neno, ati kanisa linajengwa na Mungu ndiye anayejua moyo. Tunajua ibada hizo zinavyokwenda. Msafara unafika, viti vya mbele vimewekwa akiba, na misa ikielekea mwisho mgeni anapewa kipaza sauti. Anataja kiasi, watu wanapiga makofi, halafu anaanza kuwajibu wapinzani wake. Mama mboga aliyetia shilingi 50 kikapuni hakupewa kipaza sauti.

Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki waliilaumu serikali kwa uongo na utekaji wa vijana. Siku chache baadaye Rais William Ruto alitoa mchango mnono katika kanisa la Soweto, Nairobi. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaamuru shilingi milioni 2.6 zirudishwe. Walioona kwamba amekosa adabu wajiulize: angezipokea, waraka wa maaskofu wenzake ungesomwaje Jumapili iliyofuata? Mchango huo ungeweza kupelekwa kimya kimya kwenye akaunti ya parokia. Uliletwa mbele ya kamera kwa sababu kamera ndizo zilizokuwa zikitafutwa.

Limebaki dai la upande wetu sisi waumini: kwamba pasipo dini hakuna maadili, hivyo neno la mwisho kuhusu sheria liwe la viongozi wa dini. Historia yetu inakataa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ziliwakuta makasisi wengi wamegawanyika kwa kabila, na Februari 2008 NCCK yenyewe iliomba radhi hadharani. Katika kura ya maamuzi ya 2010 makanisa makubwa yalipiga kampeni ya La kwa sababu ya mahakama za Kadhi na kifungu cha utoaji mimba. Wakenya, wengi wao Wakristo, wakaipitisha Katiba kwa takriban theluthi mbili ya kura. Leo maaskofu wakikemea ufisadi huishika Sura ya Sita ya Katiba hiyo, inayohusu uongozi na uadilifu, na wanafanya vyema: ni hoja ambayo Mwislamu wa Lamu, Mhindu wa Kisumu na hata asiyesali popote wanaweza kuipima na kuidai pamoja nao.