KUSOMA NA KUTOA HESABU



Mnero ni mojawapo ya misheni za kusini zilizolelewa na Watawa wa Mtakatifu Benedikto wa Ndanda, ambako walianza kazi mwaka 1906. Twawajua kwa shule na hospitali; lakini Kanuni yao, iliyoandikwa katika karne ya 6, ina mambo mawili yampasayo kila karani.

Sura ya 32 yaamuru mkuu wa nyumba awe na orodha ya zana na nguo zote, apate kujua anachotoa na anachopokea. Sura ya 48 yaamuru kwamba Kwaresima ikianza kila mtawa apewe kitabu, akisome chote tangu mwanzo hata mwisho. Na wazee wapite kuangalia kama yuko aliyekiacha akakaa kupiga porojo. Twaona mambo haya mawili ni jambo moja. Asiyesoma kwa makini hawezi kutoa hesabu, na asiyetaka kutoa hesabu haoni haja ya kusoma. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ushahidi tunao hapa hapa Nachingwea. Mwaka 1946 wajumbe wa Uingereza walizunguka Afrika Mashariki kwa majuma 9 hivi, wakaandika taarifa ya kulima karanga katika eka zaidi ya milioni 3. Taarifa ikakubaliwa upesi, na kazi ikaanza mwaka 1947, kabla mvua na udongo havijachunguzwa vya kutosha. Januari 1951 mpango ukaachwa, kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Wakubwa wale walijua kusoma. Kilichopungua ni kuuliza.

Nasi tusijione wadogo mno. Karani atiaye sahihi katika hati ya kupokea dawa bila kuhesabu makasha ameshuhudia asiloliona. Mgonjwa akikosa dawa hiyo, sahihi ile haitamponya. Wengine watasema kazi ni nyingi, na mkubwa angoja. Twajibu: kuchelewa robo saa huombewa radhi, bali sahihi ya uongo hudumu jaladani miaka na miaka. Na mkubwa amkasirikiaye mdogo anayeuliza, ajue kwamba anamfukuza mlinzi wake mwenyewe.

Mkristo amesoma katika Injili ya Luka, sura ya 16, habari za wakili aliyeitwa atoe hesabu ya mali ya bwana wake. Wenzetu Waislamu nao wamefundishwa habari za Siku ya Hesabu. Siku hiyo cheo hakitakuwa udhuru.

Kwa hiyo twaleta shauri. Kila tawi lichague kitabu kimoja kwa miezi 6, na kila mwanachama akisome chote, kisha aeleze mkutanoni amepata nini na amekataa nini. Na tangu leo mtu asitie sahihi mahali asipopasoma. Mambo haya hayahitaji fedha wala ruhusa ya mtu. Yahitaji nia tu.